Rangi Haijakauka

Harusi alizima feni, akaufunga na mlango wa uani. Joto la Malindi likaingia chumbani likakaa kitako.

"Vumbi litagandia rangi, Baba Mahdi," alisema.

Zubair alikubali kwa kichwa, jasho likimdondoka puani. Alikuwa ameiinamia ndege ya kivita ya plastiki, haizidi shibiri moja na nusu, mbawa zake nyembamba kama kisu, akiipaka rangi ya kijivu kwa brashi yenye nywele chache. Juu yao dari nzima ilijaa ndege kama hiyo, zimetundikwa kwa nyuzi, pua zote zimeelekea mlangoni. Kila moja aliiunda mwenyewe, kipande kwa kipande.

Hiyo ya mezani ndiyo iliyomponza Harusi. Alikuwa akiipangusa, ikamponyoka, bawa likakatika na mkia ukarukia chini ya kabati. Zubair, mtu asiyepandisha sauti hata kwa paka, alimtamkia talaka moja palepale, kisha ndipo akainama kuokota vipande.

Harusi alishavuka umri wa kuzaa, basi eda yake ikawa ya miezi mitatu. Aliikalia mumo humo nyumbani, chumba chake mbali na cha Zubair, na Hafswa, dada yake Zubair, akahamia kukaa nao. Jua la leo likizama, eda imekwisha. Kabla ya hapo, neno moja tu la Zubair, nimekurejea, lingemfanya mke tena. Baada ya hapo itabidi apose upya kama mtu wa mbali.

Na kwamba atalisema, mtaa mzima wa Shela ulijua. Ila alijifunga kwa ulimi wake. Aliapa barazani, mbele ya wenziwe, kuwa hamrejei Harusi mpaka ndege ile isimame kwa magurudumu yake kama ilivyokuwa. Tangu hapo hakuwa na kazi nyingine, na Harusi akawa msaidizi wake. Alimshikia taa, akamsugulia bawa kwa msasa, akamtafutia hata kijikioo cha rubani kilichopotelea kwenye mkeka. Majirani wakacheka, wakasema mwanamke huyo ajua kujirudisha, bawa kwa bawa.

Leo kutwa hakutulia. Tangu asubuhi amefua kanga zake zote, akazianua, akazikunja, akachungulia jua dirishani, akarudi kwenye ndege, akaenda dirishani tena.

"Kaa kitako, wifi," Hafswa alimwambia. "Wahangaika kama mwari anayengoja kutolewa." Alikuwa amemletea asmini za kujitia nywelini. Harusi alizishukuru, akaziacha kwenye sahani.

Baada ya alasiri Zubair aliweka brashi chini. Alijifuta vidole kwa kitambaa cha mafuta ya taa, akakohoa kidogo.

"Mama Mahdi," alianza, "mimi na wewe tumetoka mbali."

Harusi akainyooshea ndege kidole.

"Mkia umepinda," alisema.

Zubair aliinama, akafumba jicho moja. Kweli, kwa unene wa unywele. Akaubandua, akaanza upya. Kule jikoni Hafswa alijipiga paja.

Mkia ulipokaa sawa, Zubair aligeuka tena, uso umemchanua. Harusi akamuuliza kama ile namba ya ubavuni haikuwa juu zaidi hapo zamani. Zubair alitazama picha kwenye boksi, akaguna, akaikwangua namba, akaipaka tena rangi sehemu hiyo yote.

"Sijaona jicho kama lako," alimwambia. "Bila wewe ningefanyaje?"

Harusi aliinamisha macho.

Hafswa alimvuta hadi jikoni akamsema kwa sauti ya chini. Amwache mwanamume aseme lake, aibu gani hiyo, na wote wawili wana mvi? Harusi alimjibu kuwa kitu kikifanywa, kifanywe vizuri. Kisha akarudi dirishani.

Jua lilikuwa limeteremka ukutani kwa jirani, limekuwa jekundu. Zubair aligusa ubavu wa ndege kwa kidole cha mwisho. Kikanata.

"Bado," alisema, akaanza kuipuliza kwa mdomo. Alinyoosha mkono kwenye swichi ya feni. Harusi akamkumbusha vumbi, na mkono ukarudi.

Hafswa alishindwa kuvumilia, akaja kusimama katikati ya chumba. "Kaka, si umrejee tu sasa hivi? Rangi itakauka baadaye."

"Niliapa mbele za watu, Hafswa. Ningoje kidogo tu."

Akapuliza. Akagusa. Akapuliza tena. Harusi alitoka, akaingia chumbani kwake, na hakuna aliyemtazama, kwa maana wote wawili macho yao yalikuwa kwenye ndege.

Mwishowe kidole kilitoka kikavu. Zubair aliinyanyua kwa mikono miwili kama anayebeba mtoto mchanga, akaiweka juu ya meza. Ilisimama kwa magurudumu yake matatu, haikuyumba.

Aligeuka, macho yamemlowa. "Harusi," aliita, "nimekurejea." Ilimbidi apaze sauti, kwa kuwa mwadhini wa magharibi alikuwa ameshafika katikati.

Harusi alitokea amevaa buibui, mkoba wa kanga mkononi.

"Adhana imekutangulia, Bwana Zubair," alisema, kwa upole uleule wa kumshikia taa. Na alipokuwa akitoka, akawasha feni.