Kamera Iliyovalishwa Nepi

Droni ilijibamiza kwenye mparachichi, ikazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, ikaanguka puu! Kellen aliiachia rimoti kwenye nyasi, akajishika kichwa.

"Yebabawe! Nimemaliza kamera ya watu!"

Gatera, aliyekuwa kando ya ukuta akingoja zamu yake, alikohoa ili asicheke. Alimwonea huruma, hilo tusimnyime, ila huruma yenyewe ilikuwa na utamu wake. Katika usaili ule walikuwa wamebaki wawili tu, yeye na huyu binti aliyekulia Mbarara, na nafasi ilikuwa moja. Tangazo lilikuwa fupi: anatafutwa mrushaji wa droni, kazi ya kudumu.

Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo yaliyompandisha Gatera kilima cha Rebero asubuhi ile, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Baba yake Shallon alishasema wazi, tena mbele ya mashangazi: kijana wa kupiga picha za harusi, leo anazo kesho hana, asithubutu kuja kuposa kwake mpaka awe na kazi ya kueleweka. Na Shallon alikuwa kwao Niboye muda huo, simu mkononi, akisubiri neno.

Mwenye kampuni, Bi Aidah, aliiendea droni mwenyewe. Mama huyu ni mzaliwa wa Nyakabanda, Kiswahili amekinyonya na maziwa. Alipiga magoti kwenye nyasi na gauni lake zuri, akafungua kifuniko cha sponji kilichoizunguka kamera, akakodoa macho.

"Nzima!" alisema. "Pole, binti yangu. Haya, rusha tena."

"Tena, Mama? Niko naogopa sana!"

"Wewe rusha tu. Rusha kama unavyorusha siku zote."

Kellen akarusha. Akanasa kwenye kamba ya kuanikia nguo. Akarusha tena, upepo wa Rebero ukaizoa droni mpaka ukutani. Kila ilipoanguka, Bi Aidah alikimbia kuiokota, hataki kusaidiwa, na kila mara alirudi na maneno matamu kuliko ya mwanzo. Mama wa watu ana subira, Gatera alijisemea. Ingekuwa yeye, binti angeshafika kwao zamani.

Zamu yake ikafika. Aliishika droni, akakitazama kile kifuniko cha sponji, akaguna.

"Bi Aidah, naomba tuivue hii nepi. Mimi kamera yangu haijawahi kugusa chini."

"Haijawahi?"

"Tangu nianze kurusha."

"Hata siku moja?" Sauti ya Bi Aidah ilishuka. "Lo! Basi iache hapo hapo, mwanangu. Ya Mungu mengi."

Gatera aliudhika, lakini mwenye mali ndiye msemaji. Akairusha. Ulimi ulimtoka kidogo pembeni mwa mdomo, kama kawaida yake akikazana. Alipita katikati ya miparachichi bila kutikisa jani. Alipita chini ya kamba ya nguo na shuka halikujua kama kuna kitu kimepita. Kellen alibaki mdomo wazi.

"Mwenda pole hajikwai," Gatera alimnong'oneza, na tumsamehe, kijana alikuwa amenogewa.

"Karibu na ukuta," Bi Aidah aliagiza.

Akasogeza.

"Karibu zaidi. Sasa geuka haraka. Haraka, mwanangu, mbona unaibembeleza hivyo?"

Akageuka haraka. Hapo hapo upepo ukapanda kutoka bondeni, ukaipiga droni ubavu, ikalala, kamera ikaelekea kwenye mawe. Bi Aidah aliruka kutoka kwenye kiti, mikono kifuani.

"Ayii!"

Gatera hakubabaika. Aliinyanyua pua ya droni, akaituliza, akairudisha polepole mpaka juu ya kichwa chake, kisha akaidaka kwa mkono ili kamera isiguse hata unyasi. Kellen alipiga makofi, masikini, kwa moyo mweupe kabisa.

Bi Aidah aliketi tena taratibu.

"Hongera," alisema. "Una mkono, kweli una mkono." Kisha akaingia ndani kufikiri.

Gatera hakuona cha kufikiriwa hapo. Alitoa simu, akamwandikia Shallon: *Mwambie mzee aandae viti.* Jibu lilikuja kabla hajairudisha mfukoni: *Nimemwambia. Anacheka peke yake!* Gatera naye akacheka peke yake. Alifurahi mpaka akamwahidi Kellen kumfundisha siku akipata nafasi, bila malipo yoyote.

Bi Aidah alitoka, akampita, akaushika mkono wa Kellen kwa mikono yake miwili.

"Jumatatu asubuhi uanze kazi, binti yangu."

Kellen aligeuka kutazama nyuma yake, kama anayeambiwa ni mwingine. Gatera alisogea mbele.

"Samahani, Mama. Huyu si ameangusha asubuhi nzima?"

"Asubuhi nzima!" Bi Aidah alijibu, uso ukimng'aa. "Na kamera haina hata mkwaruzo, njoo uone! Wenzio nikiwaambia waangushe kwa makusudi, wanaiweka chini kama yai." Akampigapiga begani. "Wewe ni fundi, mwanangu, sikatai. Lakini sisi hapa tunashona hizo nepi. Nikikuajiri wewe, nitajuaje kama zinafaa?"