Nusu Kijiko

Bi Mwantumu aliingia chumba cha habari asubuhi na mapema, akaliweka gazeti la siku hiyo mbele ya Shomari, mpanga kurasa. Miaka kumi na minane alikuwa akiandika habari za afya, na mji mzima ulimwamini.

"Hapa nimeandika mtoto mchanga apewe vijiko viwili vya dawa ya homa," alisema. "Daktari aliniambia nusu kijiko. Nimekosea mimi."

Shomari aliusoma mstari ule. "Tutasahihisha kesho, dada. Ukurasa wa kumi na nne, kule chini."

"Nani anasoma kule chini? Kosa limetoka ukurasa wa kwanza. Sahihisho litoke huko huko, kwa herufi kubwa zile zile, na jina langu."

"Watu watakucheka."

"Wacheke, mdogo wangu, ilimradi watoto wawe wazima."

Wala hakuingoja hiyo kesho. Alipiga simu redioni, kisha zahanati moja baada ya nyingine, na kila mahali alianza kwa kutaja jina lake na kosa lake. Shomari alikuwa amefanya kazi na waandishi wengi hodari, lakini hakuwahi kumwona hata mmoja akijianika namna ile.

Simu ya mezani ikalia. Bi Mwantumu akaidaka.

"Ndiyo, ni mimi. Nusu kijiko, mama, nusu tu. Umeshampa?"

Akaziba sikio la pili kwa kiganja, akafumba macho, akasikiliza.