Fungo na Viti vya Baraza

Zamani pori lilipokuwa na baraza lake, Fungo alikuwa diwani wa Bondeni, na Pimbi diwani wa Majabali. Kila mtaa ulijichagulia wake, kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Mstari wa Pimbi ulikuwa mrefu kuliko wa Fungo, na jambo hilo lilimkosesha Fungo usingizi.

"Pimbi anachaguliwa na shangazi zake," akaliambia baraza. "Viti vyote vipigiwe kura na pori zima, tuone nani anajulikana."

Wakakubali. Siku ya kura Fungo akasimama kifua mbele. Kweli pori zima lilimjua, ila lilimjua kwa harufu. Nyuma yake walijipanga majirani wa Bondeni tu, waliokwisha kuizoea. Nyumbu, kwa wingi wao, wakajipanga nyuma ya nyumbu wenzao, wakachukua viti vyote.

"Pole, Bwana Fungo," akasema Kobe, msimamizi. "Umekosa."

"Na Pimbi?"

"Naye kakosa."

Fungo akarudi nyumbani akichekelea njia nzima.

Masika yakaja, mashimo ya Bondeni yakajaa maji. "Sasa tumlilie nani?" wakauliza majirani.

Fungo, maji shingoni, alikuwa akitazama Majabali, kukavu kama kawaida.

"Hata mvua," akanung'unika, "inampendelea Pimbi."