Udi wa Ijumaa

Mkaguzi alipaka povu la sabuni kwenye bomba la gesi chini ya ngazi. Bi Zuwena, mwenye jengo, alisimama nyuma yake na chetezo mkononi, akisubiri amalize ili awashe makaa na kufukiza udi wake.

"Sheria inataka likaguliwe kila baada ya miaka michache, mama. Hili lilikaguliwa lini?"

"Enzi za marehemu mume wangu. Lakini bado ni zima hilo, mwanangu. Nalipaka rangi kila Idi."

Kwenye kiungo cha bomba, povu likaanza kuvimba. Likapasuka, likavimba tena.

"Hamkusikia harufu hapa?"

"Tuliisikia, wapangaji wakalalamika," alisema Bi Zuwena, kwa fahari kidogo. "Ndiyo maana kila Ijumaa naweka chetezo hapo hapo."

Mkaguzi alitazama majivu sakafuni, chini kabisa ya kile kiungo. Kisha akatazama kiganja cha pili cha mama yule, kilichofumbata kibiriti.

"Mama," alisema polepole, "nipe hicho kibiriti."

Bi Zuwena akaelewa. Juu, mlango ukafunguliwa, na sauti ya mpangaji ikateremka pamoja na vicheko vya watoto: "Mama mwenye nyumba, leo mbona watunyima udi?"

Alinyoosha mkono. Vidole vikakataa kufunguka.