Vikombe Viwili vya Mpimaji

Sheria ilimtaka kila mtu anywe Tulizo kabla ya kazi. Wapimaji wa kinywaji hicho walikunywa vikombe viwili, maana mwoga hapimi vizuri, ndivyo walivyosema wakubwa.

Nusura, mpimaji, alikunywa vyake, kisha akachunguza viungo. Mchaichai ulikuwemo, asali ilikuwemo, na ile dawa ya kutuliza moyo ilizidi mno, kiasi cha kuua ini la mtu mzima. Aliliona hilo waziwazi. Akaitafuta hofu kifuani mwake, asiipate. Basi akagonga muhuri wa "Salama" akaenda zake nyumbani.

Alimkuta mumewe, Shekue, amejilaza mkekani, macho ya manjano kama bizari.

"Mama Tunu, ubavu huu unaniwaka moto."

"Ni ini, Baba Tunu. Linakufa. Tulizo ndiyo inayoliua, nimeipima leo mwenyewe."

"Kumbe!" alisema Shekue, kama aliyeambiwa kwamba nje kunanyesha. "Basi niongezee kidogo, nisije nikaanza kuhangaika."

Nusura akaipasha moto, akammiminia hadi pomoni. Kabla hajampa, alikipuliza kikombe taratibu, mumewe asije akaungua ulimi.