Mashimo ya Muhanga

Muhanga alikuwa hodari wa kuchimba, na hakupenda kulala shimo moja siku nyingi. Mashimo aliyoyaacha, wanyama wa bondeni waliyafanya nyumba.

Siku moja Fungo, anayenukia manukato ya zabadi, alivuka mto kutoka ng'ambo na vibuyu vilivyozibwa kwa nta.

"Bwana Muhanga, nipe mashimo yako ya zamani niweke vibuyu hivi. Nitakuletea mchwa kila asubuhi, usihangaike tena."

Nungunungu, aliyekuwa akilea wanawe katika shimo mojawapo, aliuliza, "Vina nini?"

"Mabaki tu, mama."

"Mbona hukuyafukia kwako?"

Muhanga akamkemea. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Unataka kutufukuzia riziki?"

Basi Nungunungu akatolewa, vibuyu vikaingia. Masika ilipofika nta iliachia, uchafu ukavuja ardhini. Kisima cha bondeni kikageuka cheusi, na watoto wa Nungunungu wakaanza kufa. Muhanga alichimba shimo jipya akakutana na uvundo. Akachimba jingine, uvundo ule ule. Mchwa nao wakakoma kuletwa.

Akavuka mto, akapiga hodi kwa Fungo. "Ndugu yangu, nipe hata kipande cha ardhi nichimbe."

Fungo akaziba pua. "Huku kwetu ardhi haichimbwi ovyo. Halafu, uniwie radhi, unanuka."

Muhanga aliporudi alimkuta Nungunungu amempakata mwanawe wa mwisho, naye hapumui tena.

"Baba Muhanga, nichimbie shimo," alisema. "Dogo tu."

Akachimba. Tangu siku hiyo hajaitiwa kazi nyingine ila hiyo.