Mkono Kinuni

Mchi wa mumewe ulishuka ukamkwaruza Boatemaa ukucha, akauchomoa mkono kinuni. Miaka yote aliyomgeuzia fufu, donge la muhogo uliochemshwa, kati ya pigo na pigo, hilo halijapata kutokea.

Wageni wakashangilia. Nusu ya Accra huja kwenye mgahawa wao huu kula supu ya mbuzi, na nusu nyingine huja kuwatazama wao wawili wakitwanga.

"Mama, usimkate mzee stimu!" mmoja alipiga kelele, simu juu. "Au mmenuniana?"

Mumewe akacheka na wateja, lakini uso wake ulielekea ukutani. Boatemaa akampungia kiganja mbele ya macho, kiganja kilichojaa ute wa muhogo. Macho hayakupepesa.

"Tangu lini?" akamnong'oneza.

"Tangu mvua zilizopita. Nilishindwa kukwambia." Jasho lilimchuruzika hadi kidevuni. "Ukitoa mkono, gonga ukingo wa kinu. Nitasikia."

"Na kelele zote hizi?"

Mumewe akainua mchi.

Foleni ilikuwa imefika barabarani, na kazi nyingine hawakuwa nayo. Boatemaa akachovya vidole kwenye maji, akauingiza mkono kinuni.

Ndipo wageni wakaanza kuwapigia makofi.